Chumba kimewekwa, kimebukiwa au kimehifadhiwa?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Niko mapokezi kwenye nyumba ya wageni huku Kisasa, Dodoma. Mgeni akipiga simu kutaka chumba, huwa tunamtumia ujumbe: "Chumba chako kimewekwa. Karibu." Wiki iliyopita mgeni kutoka Singida alitumiwa ujumbe huo, basi lake likachelewa, akafika saa 5 usiku akakuta chumba kimeshachukuliwa na mtu mwingine, maana hakuwa ametanguliza hela yoyote. Alifoka kweli: "Mliniandikia kimewekwa!" Sasa bosi anataka tubadilishe ujumbe pamoja na bango la nje. Mwenzangu anasema tuandike "kimebukiwa". Bosi anataka "kimehifadhiwa", anasema hicho ndicho Kiswahili sanifu. Mimi nimezoea "kuweka nafasi". Kipi sahihi? Na mgeni akibadili safari, tuandike ameghairi, ameahirisha au amefuta?

JIBU

Marahaba. Nianze na ugomvi wenyewe: kwa lugha mliyomwandikia, mgeni wa Singida alikuwa na haki ya kufoka. Hiyo -me- iliyomo ndani ya "kimewekwa" inasema jambo limeshatendeka na matokeo yake bado yapo. Mtu anayesoma ujumbe huo saa 10 jioni akiwa Manyoni anaelewa kwamba hata gari likipasuka tairi mara mbili, akifika atakikuta chumba chake. Ninyi mlikuwa na sharti lenu, kwamba asiyelipa akichelewa anakosa, lakini sharti hilo lilibaki vichwani mwenu. Halikuingia kwenye sentensi. Mngeandika "kimebukiwa" au "kimehifadhiwa" usiku ule, angefoka vilevile, kwa sababu -me- ni ileile.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza kabla ya kuchagua kitenzi ni hili: hela imeshatoka au bado? Watu wetu wanatofautisha hali hizo mbili bila kufundishwa na mtu. Angalia wasafiri wa treni ya SGR, tangu ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024. Anayesema "nimekata tiketi" ameshalipa. Kata hii ni ndugu yake kukata bima na kukata leseni: umetoa hela, umepewa hati. Aliyechagua kiti kwenye simu akapewa namba ya malipo, kisha akaiacha imelala hapo, huyo hajakata kitu. Ameweka nafasi tu, na asipolipa hana safari. Pale stendi kuu ya mabasi Nzuguni ukisogelea dirisha utaulizwa, "Unakata au unaulizia?" Hakuna anayekata kwa maneno matupu.

Nyumba za wageni hazikubahatika kupata kitenzi cha namna hiyo. Hakuna anayekata chumba. Ndiyo maana mnahangaika na maneno matatu, na kila moja limeacha wazi suala la hela. Tulichonacho ni "kulipia", na kinatosha kabisa: "chumba kimelipiwa" haina utata, haihitaji kamusi, na haigombanishi watu saa 5 usiku.

Sasa nije kwenye "kimewekwa" yenyewe, kwa sababu ina tatizo la pili ambalo mgeni wenu hakulitaja, ila sikio lake lazima lililisikia. Chumba hakiwekwi. Kipo palepale tangu fundi alipomaliza kupaua. Chakula kinawekwa, maana kinahama: mama anasema "chakula chako kimewekwa kabatini" na mtoto anajua pa kukifuata. Lakini "chumba kimewekwa" inamfanya mtu aulize kimewekwa wapi. Kinachowekwa ni nafasi. Anayewekewa ni mgeni. Hapo ndipo kitenzi hiki kinapoonyesha uzuri wake, kwa sababu kina milango miwili iliyo wazi na haifanani: "wekwa" na "wekewa". Nafasi imewekwa. Mgeni amewekewa chumba. Ongeza hiyo -e- moja na sentensi yote inakaa sawa: "Umewekewa chumba namba 6." Hata anayesikia kwa simu mbovu anaelewa nani kafanyiwa nini.

Ukitaka kuona namna Kiswahili cha kila siku kinavyopenda kumtaja mwenye haki badala ya kitendo, nenda mnadani Msalato Jumamosi. Nyoosha kidole kwenye mbavu zilizokwisha kuiva. Mchomaji hatakwambia zimehifadhiwa wala zimebukiwa. Atakwambia, "Hizo zina mwenyewe," na atageuza kisu aelekee kwenye paja. Ndani ya daladala, kiti kimelaliwa na mkoba, hakuna mtu, ukitaka kukaa unaambiwa "hapo pana mtu". Mtu mwenyewe yuko nje ananunua maji. Kwa hiyo mgeni akiulizia chumba ambacho kina mwenyewe, kumjibu "vile viwili vina watu" ni Kiswahili safi, na ni kifupi kuliko yote mnayobishania.

Kosa moja linaloingia sana kwenye nyaraka zinazopita mezani kwangu: "Nimeweka nafasi kwa Mkurugenzi." Mwandishi alikusudia kwamba Mkurugenzi ndiye atakayelala hapo. Alichoandika ni kwamba nafasi imewekwa nyumbani kwa Mkurugenzi, au kupitia kwake. Katibu muhtasi aliyekulia kwenye Kiswahili, akiwa haandiki barua, angesema "nimemwekea Mkurugenzi chumba" bila kufikiri. Sijui kwa nini tukishika kalamu tunaikimbia -ea, na ndiyo inayofanya kazi yote.

Haya, "kubuku". Mwenzako asionewe aibu kwa neno hilo. Limeingia, linatumika Dar, Arusha na hapa Dodoma, na mgeni yeyote mwenye simu analijua. Limejipanga kwenye foleni ya vitenzi vya mkopo vinavyoishia na -u, kama jibu, jaribu na haribu. Ndiyo maana watu wanasema "sibuku" bila kubadili mwisho wake, kama wanavyosema "sijibu". Na ndiyo maana linanyambuka kuwa "bukia" na "bukiwa", kama haribu inavyotoa haribia na haribiwa. Kwa mdomo halina shida. Kwa maandishi lina kasoro mbili. Ya kwanza ni tahajia: kila mtu anaandika lake, na wengi wanaishia kuchanganya herufi za Kiingereza na viambishi vya Kiswahili kwenye neno moja, jambo linalofanya bango lionekane kama ujumbe ulioandikwa kwa haraka bodabodani. Ya pili ndiyo nzito. Kwenye "weka" tumeona milango miwili, wekwa na wekewa. Kwenye "buku" upo mmoja. "Chumba kimebukiwa" na "mgeni amebukiwa" vyote vinatumia bukiwa hiyohiyo, na "nimebukiwa" peke yake, bila kutaja chumba, unaweza kumaliza dakika nzima hujajua msemaji kapata au kapokonywa. (Buku nyingine zipo pia: noti ya elfu moja kwa lugha ya vijana, na panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu na kifua kikuu kule Morogoro. Hao hawatawachanganya wageni.)

Ushauri wangu: ongeeni "kubuku" na wageni wanaoongea hivyo. Bango na ujumbe wa ofisi viandikwe "kuweka nafasi". Utasikia na "kufanya bukingi". Hiyo iacheni kabisa. Tukianza kufanya bukingi, kesho tutafanya malizio badala ya kumaliza.

"Kuhifadhi" ndilo linalohitaji maneno mengi, kwa sababu bosi ndiye analitaka, na hajakosea kwamba ni la sanifu. Lakini usanifu haumaanishi neno lililo zito zaidi. Kuhifadhi ni kutunza kitu kisiharibike wala kupotea: wafanyabiashara wa Kibaigwa wanahifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi, mwanafunzi wa madrasa anahifadhi Kurani kifuani, serikali inahifadhi misitu. Kutoka hapo watu wa maofisini wakalipeleka kwenye vyumba na viti, na limekubalika. Ukisoma "kuhifadhi nafasi" mahali, ujue si kosa. Ila angalia nani anatenda. Anayehifadhi ni yule mwenye mali mikononi, yaani ninyi. Mgeni hahifadhi chumba. Bango la "Hifadhi chumba chako sasa" linamwambia mpita njia akalinde chumba asichokuwa nacho.

Halafu kuna mtego wa herufi chache. "Tumekuhifadhia chumba" ni sawa. Mtu akisahau -a ya "kuhifadhia" na kuongeza -ni kwenye chumba, ikawa "tumekuhifadhi chumbani", aliyehifadhiwa sasa ni mgeni mwenyewe. Na katika nchi hii binadamu huhifadhiwa mahali pachache: waliokumbwa na mafuriko huhifadhiwa shuleni, na marehemu huhifadhiwa mochwari. Sidhani kama ni picha mnayotaka mgeni alale nayo.

Mtego huohuo upo kwenye "kushika", kitenzi ambacho hamkukitaja, nami naona ndicho kinachowafaa zaidi kwa mgeni ambaye hajalipa. Tunasema "nishikie foleni", "nishikie siti", na anayeshikiwa anajua kwamba mshikaji akichoka au akilazimika kuondoka, basi. Ni dhamana yenye mwisho, na mwisho wake unafahamika kwa wote wawili. Hata kishika uchumba ndivyo kilivyo: kimeshika, bado hakijaoa. Kwa hiyo "tunakushikia chumba hadi saa 1 usiku" inasema kwa kitenzi kimoja kile ambacho "kimewekwa" ilishindwa kukisema. Ila msiandike "tunakushikilia". Hiyo ni sentensi ya kamanda wa polisi wa mkoa akizungumza na waandishi wa habari.

Mengine nitayapitia haraka. "Kutenga" linafaa zaidi kwa mhudumu kuliko mgeni, na linafaa meza au eneo: "meza hizi zimetengwa kwa ajili ya harusi." Kwa chumba si baya, ila kwa mtu ni baya, kwani aliyetengwa ni yule ambaye ukoo umemsusa. "Kuweka oda" na "kuagiza" ni vya kitu kinachotengenezwa au kuletwa: keki, makochi kwa fundi, kreti za zabibu kutoka Hombolo. Chumba hakitengenezwi mgeni akipiga simu, kwa hiyo hakiwekewi oda, ingawa chakula cha jioni cha mgeni huyohuyo kinawekewa. "Kukodi" ni la ukumbi na gari, na hapo kumbukeni kwamba mteja anakodi, mwenye mali anakodisha. Nimeona matangazo ya kumbi yanayomwomba mteja "akodishe", kana kwamba ukumbi ni wake. Na hospitali mtu haweki nafasi. Anaweka miadi ya kumwona daktari.

Sasa ujumbe. Mnahitaji miwili, si mmoja, kwa sababu wageni wenu ni wa aina mbili. Kwa ambaye hajalipa:

"Habari. Tunakushikia chumba kwa usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 9. Usipofika wala kulipia hadi saa 1 ya usiku huo, tutampa mgeni mwingine. Ukichelewa njiani, tupigie."

Kwa aliyelipa:

"Asante, tumepokea malipo yako. Umewekewa chumba namba 6 kwa usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 9. Hata ukifika usiku wa manane, chumba ni chako."

Kama mnapokea sehemu ya hela kwanza, iiteni "hela ya kutanguliza" na mseme palepale kama inarudishwa au hairudi. Kiswahili kina neno la zamani la hela hiyo, arubuni, na mimi nalipenda, lakini linakaa karibu mno na "kurubuni", na mgeni asiyelijua anaweza kudhani mnamtania.

Mtaona nimeandika "usiku wa kuamkia Jumamosi" mahali ambapo wengi wangeandika "usiku wa Ijumaa". Nimefanya makusudi. Kwa waliolelewa kwenye hesabu ya zamani ya pwani na ya Waislamu, siku huanza jua likizama, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi jioni kwa hesabu ya kalenda ya ukutani. Mzee wa Kondoa au Tanga akikwambia kwa simu "nitalala usiku wa Ijumaa", muulize tena: "Alhamisi kuamkia Ijumaa, au Ijumaa kuamkia Jumamosi?" Hatachukia. Atakuona umelelewa. "Usiku wa kuamkia" inafunga mjadala kwa watu wa hesabu zote mbili, na magazeti yetu yameitumia miaka mingi.

Na saa pia. Kama mfumo wenu wa kompyuta unatoa 14:00, msiitume hivyo kwa mgeni wa Kiswahili. Andikeni saa 8 mchana. Daima ongezeni asubuhi, mchana, jioni au usiku, kwa sababu "saa 4" peke yake inaweza kuwa muda wa kurudisha funguo au muda wa kufunga geti.

Kwenye bango la nje, mstari mmoja unatosha: "Weka nafasi ya chumba kwa simu," na namba chini yake kubwa kuliko jina la nyumba. Vyumba vikiisha, ningebandika "Vyumba vimejaa" au "Nafasi zimekwisha". Wengi huandika "nafasi zimejaa", nami kila nikiisoma najiuliza nafasi ikijaa inabaki vipi kuwa nafasi. Lakini imezoeleka, sitawakamata kwa hilo.

La mwisho, mgeni anayebadili safari. Anayeghairi ni mtu, kwa sababu kughairi kunatokea moyoni: alitaka, sasa hataki. Kwa hiyo "mgeni ameghairi" ni sawa, "chumba kimeghairiwa" si sawa, chumba hakina nia. Anayefuta ni ninyi, mnafuta jina au nafasi yake kwenye daftari. Kuahirisha ni kusogeza tarehe, na hapa watu wa Dodoma hatuna kisingizio, tunaishi na neno hilo. Mkutano wa bajeti unaoanza Aprili ukifika mwisho Juni, Waziri Mkuu anatoa hotuba ya kuahirisha Bunge. Halifutwi, linapangiwa siku nyingine, na nyumba za wageni za mjini zinaijua tarehe hiyo vizuri kwa sababu vyumba vinabaki wazi kesho yake.

Kwenu tofauti hiyo ni ya hela. Aliyeahirisha bado ana haki yake kwenu na anasubiri tarehe. Aliyeghairi anasubiri jibu la hela yake ya kutanguliza. Kwa hiyo kwenye daftari la mapokezi andikeni "ameahirisha" pale tu mgeni anapotaja tarehe mpya, na tarehe hiyo iandikwe pembeni. Akisema tu "nitawaambia", andikeni "ameghairi", mfute nafasi yake, kisha mumpigie yule aliyekosa chumba jana.